Jiwe la Mama Kwenye Foleni

Nilirudi Babati na mkanda mmoja wa filamu, na wiki ya kwanza haijaisha nikawa nimeuharibu karibu wote. Nilianza na ziwa. Zoezi lilitaka nigeuze kamera polepole kutoka kushoto kwenda kulia, lakini kiboko alikoroma kwenye matete nami nikageuka upesi kuliko ilivyotakiwa, miguu ikiwa tayari njiani kurudi nyumbani. Nikarudia, ikawa vilevile. Kesho yake nikaupiga mlima Kwaraa kutoka chini kwenda juu. Wingu lilikuwa limekaa kileleni tangu asubuhi, na nililiona, ila nilikuwa nimechoka kungoja. Nikainua kamera, nikafika juu, juu hakukuwa na kitu. Hilo nalo nikalirudia, na wingu likanisubiri palepale.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, msichana pekee katika chuo kimoja cha Dar es Salaam kilichofundisha vijana kutengeneza filamu za kuwaelimisha wananchi: namna ya kuchimba choo, namna ya kuhifadhi mahindi, mambo ya namna hiyo. Chuo kilikuwa na kamera mbili nzima na moja mbovu. Tulipokezana kwa zamu, kila mtu akipewa mkanda mmoja wa dakika mbili na nusu, anakwenda kwao, anarudi na mazoezi matatu: kugeuza kamera, kuinua kamera, na kusafiri na kamera. Zamu yangu iliangukia mwezi wa sita, wakati Babati baridi inashuka kutoka milimani na kukaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Zoezi la tatu ndilo lililokuwa na alama. Kamera yenyewe itembee, isitikisike, halafu ikome mbele ya uso wa mtu. Mwalimu wetu alikuwa akisema kamera inayotembea bila kumfikia mtu inazurura tu, na wazururaji siku zile walikuwa wanakamatwa. Aliyeshindwa zoezi hilo alirudishwa kwao. Mwalimu hakuwa mkatili. Mikanda ilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na nchi haikuwa na fedha za kigeni hata za kununulia dawa za hospitali, sembuse za kumpa msichana wa Babati nafasi ya pili.

Kamera ilikuwa ya kujaza kwa ufunguo, kama saa ya mezani. Ukiujaza mpaka mwisho inakimbia sekunde ishirini na tano, kisha inazimika. Baada ya ziwa na mlima, mkanda uliobaki ulitosha kujaza ufunguo mara moja.

Nilimweleza baba haya yote jioni moja jikoni, mama akiwa anasonga ugali wa unga wa njano, ule wa msaada, ambao sisi wakulima wa mahindi tuliula kwa aibu. Mvua zilikuwa zimetupita mwaka ule. Baba alikuwa amekaa karibu na moto, amejifunika magunia mawili ya katani aliyoyashona pamoja. Alikuwa na kifua, na kila baridi ilipoingia kifua kiliamka. Akaniuliza, "Na ukikosa hiyo picha?"

"Wananirudisha nyumbani, baba."

Akakohoa. Mama aliendelea kusonga. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwa Kiswahili. Alikuwa amezaliwa juu huko Mbulu, na Kiswahili alikitumia kama viatu, alipokwenda kanisani na mjini. Akageuza ugali, akapakua.

Yale magunia ya baba yana historia yake, na ni lazima niieleze, ingawa siipendi. Nilipochaguliwa kwenda chuo, barua ilikuja na orodha ya vitu vya kubeba, na kimojawapo kilikuwa blanketi. Nyumbani kwetu Nangara kulikuwa na blanketi moja la maana, la kijivu, lenye mistari miwili myekundu. Wazazi wangu walilala nalo. Mama alilifua, akalianika kwenye michongoma, akalikunja, akaliweka kwenye mzigo wangu bila kuniuliza. Nilisema watanunua lingine. Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa mtoto wa zamani kidogo, niliyezoea kwamba vitu vipo dukani. Miaka miwili ikapita na duka la ushirika halikuleta blanketi hata moja. Lilileta majembe yasiyo na mipini. Lilileta, mara moja, nyembe.

Na sasa nilikuwa nimerudi, na blanketi nimerudi nalo, lakini siyo kwa ajili yao. Nililitumia kufungia kamera ndani ya basi, kwa sababu barabara ya kutoka Arusha ilikuwa imeharibika kiasi cha kung'oa meno. Nilipofika nikalipatia kazi nyingine. Nililikunja mara nne nikaliweka kwenye mkokoteni wa mjomba, nikalikalia, ili mitikisiko ya njia isifike kwenye lenzi. Usiku nilijifunika mimi, maana mama alikataa katakata kulichukua. Alisema mwanafunzi akiugua chuo kitasema kwao hakuna watu.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye mkokoteni wa magurudumu ya Landrova na hakuna mzigo wa kubeba, kwa kuwa mjini hakukuwa na bidhaa. Alikubali kunisukuma bure, ila kwa malipo ya maneno. Kwanza suruali yangu. "Mpwa wangu," alisema, "ulikwenda Dar es Salaam kusoma ukarudi mwanamume. Sasa sisi tutakuozesha au tutakuolea?" Pili kamera. Kwa kuwa sikuwa na mkanda wa kuchezea, tulifanya mazoezi na kamera tupu. Najaza ufunguo, nabonyeza, kamera inalia tiririri, mjomba anasukuma, mimi natazama kwenye kijitundu, na hakuna kinachopigwa. "Kazi ya serikali," alisema. "Jasho langu la kweli, picha yako ya uongo."

Tulifanya hivyo kwenye njia ya kutoka Nangara kwenda mjini kwa siku sita. Magoti yaliniuma, mgongo ukanikauka. Shida kubwa haikuwa mashimo. Shida ilikuwa kwamba mjomba hakuweza kumpita mtu bila kumsalimia, na kumsalimia kwake ni kusimama. Kamera inakimbia, sekunde kumi zimekwisha, anatokea mama mmoja wa Mutuka na mzigo wa kuni, mkokoteni unakoma. Habari za nyumbani. Za watoto. Za ng'ombe, wanapata majani? Nami nimekaa juu ya blanketi, jicho kwenye kijitundu, najisikia kulia. Nilimkemea mjomba siku moja mbele ya watu, jambo ambalo binti wa kwetu hafanyi. Alinyamaza njia nzima, na kesho yake alikuja kama kawaida, akanisukuma bila utani. Ilinichosha zaidi kuliko utani wenyewe.

Siku ya saba zikaja habari kwamba lori la ushirika limeshusha mablanketi.

Nani aliyeyaona hakujulikana, lakini ilipofika mchana watu wa Singe walikuwa wameshafika dukani, na foleni ilikuwa imeanza. Nasema foleni, lakini watu hawakuwemo. Vijana wa leo hawanielewi nikisema hivi. Duka lingefunguliwa asubuhi ya kesho yake, na mtu ana shamba, ana mifugo, ana mgonjwa. Hawezi kusimama mchana na usiku mbele ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo kila mtu alileta jiwe. Unaliweka nyuma ya jiwe la mwenzako, unakwenda zako nyumbani, na asubuhi unakuja kusimama mahali pa jiwe lako. Hakukuwa na mlinzi wala karatasi. Mtu aliweza kukuibia kuku, lakini mahali pako kwenye foleni hapaguswi. Jiwe lilikuwa na kazi mpaka mlango ufunguliwe. Mlango ukifunguliwa watu wanasonga mbele, mawe yanapigwa teke pembeni, na hapo aliye mbele ni mbele na aliye nyuma ni nyuma.

Jiwe la mama lilikuwa la tisa. Alikuwa amelileta kutoka nyumbani, kipande cha jiwe la kusagia la bibi, jeupejeupe, laini upande mmoja. Aliporudi alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu nirudi. Alimwambia baba kwa Kimbulu, na baba akacheka mpaka akakohoa.

Mimi niliposikia foleni, niliiona picha. Nilijua papo hapo kwamba zoezi langu ndilo hilo: kamera iondoke kwenye mlango wa duka, ipite mbele ya watu wote waliosimama, na ikome kwenye uso wa mama yangu. Barua ya kata ya ruhusa ya kupiga picha nilikuwa nayo. Nikamchukua mjomba, tukaenda kupima saa kumi na moja jioni, wakati pale dukani hapakuwa na mtu ila yale mawe, yamejipanga kutoka kwenye ngazi kuteremka upande wa stendi.

Tulianza kwa kupanda, kutoka mkiani kwenda mlangoni. Haikufaa. Ardhi pale ina mwinuko, mjomba alihema, na kamera ikahema naye. Tukajaribu kuteremka. Hapo mkokoteni ulikwenda wenyewe, mjomba akiushika tu usitoroke, na kwa mara ya kwanza ndani ya siku saba picha kwenye kijitundu ilitulia. Sekunde ishirini na tano zilitufikisha mbali, karibu na mkia kabisa. Jiwe la tisa tulilipita kamera ikiwa imeanza tu. Nikafikiri: asubuhi nitamwomba mama asimame huku chini kidogo, nimpige, kisha arudi mahali pake. Lakini nilihitaji alama ya kumwonyesha mjomba pa kukoma, na giza lilikuwa linaanza kuingia, na jiwe lililoonekana vizuri kuliko yote lilikuwa lile jeupe.

Nikalichukua. Nikaliweka chini pale, nyuma ya mawe thelathini na kitu. Tukarudia mara nne, na kila mara mkokoteni ulikoma mbele yake barabara. Mjomba alisema safari hii hata yeye angelipa kiingilio. Tukacheka, tukapatana. Tukafunga kamera ndani ya blanketi, tukarudi nyumbani. Nilikuwa nimechoka uchovu ule mzuri wa mtu aliyefanikiwa, nikala, nikalala.

Jiwe sikulirudisha.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Nilitoka mapema na mjomba, mama akabaki akikamua. Niliweka mkanda kwenye kamera nikiwa nimeificha chini ya blanketi, mwanga usiingie, vidole vimekufa ganzi. Watu walikuwa wameshasimama, kila mmoja na jiwe lake miguuni, wamejikunja kwa baridi, wengine wamejifunika mifuko ya mbolea. Nilipima mwanga, nikajaza ufunguo, nikakaa kwenye mkokoteni mbele ya ngazi. Ndani ya duka ilisikika komeo likivutwa. Nikaweka jicho kwenye kijitundu nijaribu njia kwa mara ya mwisho, na huko mwisho wa foleni, mahali nilipopataka, palikuwa na mama yangu.

Amesimama. Amejifunga khanga yake iliyopauka, mikono ameikunja, miguuni kipande cheupe cha jiwe.

Nilijua saa ileile. Sitajidanganya kwamba nilielewa baadaye. Ningeweza kuteremka, nikakimbia, nikalibeba lile jiwe mbele ya watu wote na kulirudisha mahali pa tisa, na watu wangenishuhudia, kwa kuwa kila mtu alijua lile jiwe jeupe lilikaa wapi. Mlango ulikuwa haujafunguka. Lakini mkanda ulikuwa ndani, ufunguo umejaa, ukungu umeanza kupasuka na mwanga uliokuwa ukiingia ni ule ambao mwalimu alituambia haukai. Nikafikiri ni sekunde ishirini na tano tu. Nitapiga, kisha nitamrudisha. Nikamwambia mjomba, "Sukuma."

Kamera ikateremka mbele ya watu. Niliona mikono, vikapu, mtoto mgongoni, mzee ameshika kofia yake. Mjomba alisalimiwa na watu wasiopungua watano na hakusimama. Alikuwa amejifunza kwa ajili yangu. Uso wa mama ukaingia, ukajaa, ukakaa katikati. Hakutazama kamera. Alitazama mlango. Kamera ikazimika.

Nyuma yangu mlango ulikuwa umefunguka. Nilisikia miguu, kisha mawe yakigongana, yanapigwa teke pembeni. Nilipogeuka, foleni ya mawe haikuwepo tena. Nilimshika mama mkono, nikamwambia twende mbele, mahali pako ni pa tisa. Akautoa mkono wake taratibu. "Jiwe langu lilikuwa hapa," akasema, kwa sauti ambayo watu wa karibu waliisikia. Nikataka kubisha. Akanitazama, nikarudi kwenye mkokoteni.

Mablanketi yaliisha yakiwa yamewafikia watu ishirini. Waliobaki wakapewa kila mmoja kopo la dawa ya viatu, wasiende mikono mitupu. Mama alilileta nyumbani. Baba alilifungua, akalinusa, akatazama miguu yake, na miguu ya mama, na yangu, akalifunika tena. Lilikaa juu ya kiambaza miaka mingi.

Zoezi lile nililifaulu. Mwalimu aliuonyesha mkanda darasani mara mbili, akawaambia wenzangu waangalie mwendo ulivyotulia na jinsi unavyomfikia mtu. Akaniuliza nilimwelekezaje yule mama mpaka akasimama vile, kwa sababu watu wasiozoea hutazama kamera au hucheka. Nilisema sikumwelekeza. Alidhani ni unyenyekevu, akanipa alama ya juu. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo, nimepiga filamu za mikutano, na mashamba, na mawaziri, na nimechoka nayo. Sijapiga tena mwendo kama ule.

Lakini safari ile, kabla ya kuondoka Babati, nilitaka kuacha blanketi. Nilikuwa nimeamua tangu dukani. Asubuhi ya safari nililikunja, nikaliweka kitandani kwa baba, nikaenda kunawa. Niliporudi nikamkuta mama amelitandika chini sakafuni, kamera iko katikati, anaizungushia, mara ya kwanza, mara ya pili, anabana kona kama anavyofunga mtoto mgongoni.

"Mama, liache. Ni la baba."

"Mashine ya watu," alisema. "Ikivunjika njiani?"

Nikachuchumaa kando yake. Baba alikuwa anakohoa chumbani. Nikamwambia yale niliyokuwa nimeyabeba kwa siku nne. Nikamwambia jiwe nililihamisha mimi, jioni ile, nikasahau kulirudisha.

"Najua," akasema.

Alikuwa anatafuta ncha ya kamba ya katani. Akaipata. "Nilipita pale jioni ileile nikitoka sala ya jumuiya. Nikaona jiwe langu limeshuka chini, na njia ya gurudumu imefika mpaka hapo. Nikasema, huyu ameliweka pale anaponitaka."

"Kwa nini hukulirudisha?"

Mama alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Ningelirudisha," alisema, "ungenipataje?"

Akakaza kamba, akafunga fundo, akaniambia nisiweke mzigo juu ya basi, nipakate. Nikapakata. Kutoka Babati mpaka Arusha ile siku nzima blanketi lilikuwa mapajani mwangu, na lilikuwa na joto.